Kopo la Mkaa na Mtungi wa Gesi: Kinachomsukuma Mnunuzi Kuchagua Bidhaa Isiyoharibu Mazingira



Mkaa huuzwa kwa kopo. Gesi huuzwa kwa mtungi. Katika tofauti hiyo limo jibu la swali linaloulizwa mara nyingi: kwa nini mtu anayejua kwamba miti inakwisha bado ananunua mkaa?

Mama mwenye shilingi elfu moja jioni anaweza kupata mkaa wa kupikia chakula cha usiku. Mtungi humtaka atoe kwa mkupuo mmoja fedha ambazo hana siku hiyo. Ndiyo sababu baadhi ya mitungi, hata iliyotolewa bure, hukaa mitupu pembeni mwa jiko. Mama huyo hakukosa elimu ya mazingira. Amekosa kipimo kinacholingana na mfuko wake.

Jambo hili si geni katika milima ya Umatengo. Wazee hawakuanza kuchimba ngoro ili wasifiwe kwa kuhifadhi mazingira. Mvua ilikuwa ikiteremka na udongo, na shimo lililozungukwa na matuta yenye nyasi zilizofukiwa lilizuia maji, likarutubisha shamba na kuleta maharage na mahindi. Ngoro zimedumu kwa vizazi kwa sababu zinalisha watu. Mlima umehifadhika kwa njia hiyo hiyo.

Kando ya ziwa hali ni moja. Mnunuzi anayechagua usipa uliokaushwa kwa jua juu ya kichanja hasemi kwamba anaokoa msitu. Anasema hataki mchanga mdomoni. Hata hivyo, kila usipa unaokaushwa kwa jua badala ya kubanikwa kwa moshi huokoa kuni. Usafi ndio uliomvuta, msitu umenufaika.

Sheria nayo ina nafasi yake. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini, na vikapu na mifuko mbadala vikashika nafasi yake. Marufuku hiyo iliwagusa wauzaji wote kwa pamoja, hivyo hakuna aliyeogopa kumpoteza mteja kwa jirani anayegawa mifuko bure. Lakini baadaye vifuko laini vya kufungashia vilianza kutumiwa kubebea bidhaa, kwa kuwa havikumgharimu mnunuzi kitu. Sheria isiposimamiwa, bei hurudi kuamua.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Katika vijiji vya Mbinga na Nyasa, lengo hilo litaamuliwa dukani na jikoni: je, bidhaa inapatikana karibu? Inauzwa kwa kiasi kinachomudika? Na je, jirani aliyeinunua anaisifu?

Yapo yanayoweza kuanza sasa. Kila kaya iandike kwa mwezi mmoja fedha zote inazotumia kwa mkaa na kuni, maana kopo moja moja huficha jumla. Vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kutenga mfuko wa kujazia mitungi, mwanachama akarejesha kidogo kidogo. Wanaotengeneza majiko banifu na vikapu wakumbuke kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; ofisi ya kata hueleza utaratibu wa kuomba.

Asiyeweza kununua gesi leo asilaumiwe. Jiko banifu linalopunguza mkaa ni hatua, na mti uliosalia kwa sababu mtu alitaka kubana matumizi yake hushika udongo sawasawa na ule uliosalia kwa mapenzi ya msitu.