Kiingilio au Nauli: Ukurasa wa Tovuti Uandaliwe Wapi?

Mwenye simu ya kitochi anapobonyeza *150*00# kuingia M-Pesa ya Vodacom Tanzania, simu yake haijui lolote kuhusu kutuma fedha. Menyu yote, tangu mstari wa kwanza hadi swali la namba ya siri, huandaliwa kwenye mitambo ya kampuni na kuletwa kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa na herufi zisizozidi 182. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007 ilipita njia nyingine: menyu ilikaa ndani ya laini yenyewe, mteja akajaza kila kitu kwenye simu yake, na kilichosafiri hewani ni ombi lililokwisha kukamilika. Njia ya kwanza humtoza mtumiaji nauli kwa kila hatua, na mawasiliano yakikatika katikati anaanza upya. Ya pili humtoza kiingilio: sharti laini iwe na menyu hiyo kwanza, na menyu ikibadilika, laini nayo isasishwe. Mada hii inahusu tovuti, ambako ubishi huohuo umeendelea kwa miaka mingi kati ya wanaojenga kurasa kwenye seva na wanaozijenga ndani ya kivinjari kwa fremuweki za JavaScript kama React, Angular na Vue. Hoja yangu ni kwamba ubishi huu hauamuliwi na upya wala uzuri wa zana. Unaamuliwa na swali dogo ambalo vikao vya kupanga mradi mara nyingi hulipita: mtu yuleyule atarudi mara ngapi? Tovuti nyingi za umma na za biashara ndogo zinawatoza watu kiingilio cha mwaka mzima kwa safari moja.

Fremuweki hizi hazikuzuka kwa ushabiki tu. JavaScript iliandikwa na Brendan Eich kwa muda wa siku kumi huko Netscape mwaka 1995, na kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kukagua fomu na kupamba kurasa. Gmail ya mwaka 2004 na Google Maps ya mwaka 2005 zilionyesha kwamba kivinjari kinaweza kuomba data kimyakimya na kubadilisha sehemu ya ukurasa bila kuupakia wote upya. Baada ya hapo wasanidi walijikuta wakiandika maelfu ya mistari ya kusawazisha data na kinachoonekana kwenye skrini, na hapo ndipo AngularJS (2010), React (2013) na Vue (2014) zilipopata kazi halali. Anayevuta ramani kwa kidole au kuandika barua huku nyingine zikiingia anahitaji programu iliyo hai mkononi mwake. Kosa lilikuja baadaye, pale dawa ya ramani na barua pepe ilipoandikiwa kila mgonjwa, hata tovuti ya kusoma tangazo la zabuni.

Tuangalie kinacholipwa mlangoni. Katika tovuti inayojengwa kikamilifu ndani ya kivinjari, seva hutuma kwanza ukurasa ulio karibu mtupu. Kivinjari husoma humo kwamba kuna faili la JavaScript, kikalifuata, kikalipakua, kikalichanganua na kuliendesha. Ndipo programu iliyozaliwa iombe data, ipokee JSON, na mwishowe ichore maneno ambayo seva ingeweza kuyaandika tangu mwanzo. Takwimu za HTTP Archive, mradi unaopima mamilioni ya tovuti, zinaonyesha kwamba ukurasa wa kati kwenye simu sasa hubeba zaidi ya kilobaiti 500 za JavaScript, na hizo zimehesabiwa zikiwa zimebanwa. Bando ni sehemu tu ya gharama. Picha ya ukubwa huo hufunguliwa mara moja na kazi ikaisha, lakini msimbo hufumuliwa, husomwa na kutekelezwa na kichakataji cha simu, na simu ya bei nafuu hutumia muda mrefu zaidi kwa kazi ambayo kompyuta ya msanidi huimaliza bila yeye kutambua. Hapo gharama haijapungua. Imehamishwa kutoka kwa mwenye seva kwenda kwenye betri na subira ya mgeni.

Ushahidi upo, na wa kwanza kuutaja ni wa Twitter. Mwaka 2010 kampuni hiyo iliijenga upya tovuti yake ili kurasa zichorwe ndani ya kivinjari. Mei 2012 wahandisi wake walieleza hadharani kwamba wamerudisha uchoraji kwenye seva, na kwamba muda wa kupakia ukurasa kwa mara ya kwanza umeshuka hadi moja ya tano ya ulivyokuwa. Netflix nayo iliondoa React upande wa kivinjari kwenye ukurasa wa wageni ambao hawajajisajili, ikaendelea kuitumia kwenye seva, na muda wa kusubiri hadi ukurasa uweze kutumika ukapungua kwa asilimia 50. Mpinzani makini atanikatiza hapa, na ana haki: Twitter hiyohiyo ilitoa Twitter Lite mwaka 2017, ikichora tena ndani ya kivinjari, tena ikiwalenga watu wenye mitandao dhaifu. Je, si kwamba ushahidi wangu umegeuka? Naona umekomaa. Aliyefungua Twitter mara kumi kwa siku alilipa kiingilio asubuhi, faili likabaki kwenye simu, na safari tisa zilizofuata zikawa za data ndogo tu. Mgeni wa Netflix hupita kwenye ukurasa wa kujisajili mara moja. Mhandisi anayenukuu kisa cha mwaka 2012 peke yake, au cha mwaka 2017 peke yake, anachukua nusu ya somo. Na kuna jambo ambalo mahesabu haya mara nyingi huliacha: timu ikitoa toleo jipya kila wiki, faili lililohifadhiwa kwenye simu hupitwa na wakati na kiingilio hudaiwa upya, chote au sehemu yake, hata kwa mteja mwaminifu.

Kwa upande wa safari moja, mfano mzuri uko karibu nasi. Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, nchi nzima hukimbilia sehemu moja kwa wakati mmoja. Wanachokuta ni orodha ya shule, na kila shule ina ukurasa wake mwepesi wa HTML ulioandaliwa mapema: namba ya mtihani, jinsi, pointi, daraja, masomo. Hakuna anayeusifia kwa urembo. Lakini ukurasa wa namna hiyo hauulizi kanzidata chochote mtu anapoufungua, unaweza kunakiliwa kwenye seva kadhaa, na mtahiniwa aliyeazima simu ya jirani anaona daraja lake bila kwanza kupakua programu ambayo hataitumia tena. Tukiuvika ukurasa huo fremuweki, kila familia italipia kiingilio kwa ajili ya jedwali moja, tena siku ambayo mtandao una msongamano kuliko siku nyingine.

Kuna pia suala la kutegemewa, na hapa kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kilifanya kipimo cha maana mwaka 2013. Kwenye tovuti ya GOV.UK waliweka picha tatu zisizoonekana: moja ya kila mgeni, moja inayoitwa na JavaScript tu, na moja ya vivinjari visivyo na JavaScript. Baada ya ziara zaidi ya nusu milioni ilibainika kwamba asilimia 1.1 ya wageni hawakupata JavaScript. Kilichowashangaza wengi ni mgawanyo wake: waliokuwa wameizima, au wenye vivinjari visivyoiweza, walikuwa asilimia 0.2, ilhali asilimia 0.9 walikuwa na vivinjari vizima, ila msimbo haukufika au haukufanya kazi. Muunganisho ulikatika, faili lilizuiwa njiani, au mtu aliondoka kabla halijaisha kupakuliwa. HTML iliyofika nusu husomeka nusu. Faili la JavaScript lililofika nusu halifanyi lolote.

Pingamizi zito kuliko yote kwa upande wetu ni umbali. Seva nyingi zinazohudumia tovuti za Afrika Mashariki ziko Ulaya au Marekani, na Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini tuliona jinsi njia hiyo ilivyo nyembamba. Ikiwa kila mbofyo unakwenda hadi huko, je, si afadhali kazi ifanyike simuni? Tufanye hesabu. Mwanga ndani ya nyaya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 ni milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi. Muunganisho mpya ulio salama huhitaji safari tatu za kwenda na kurudi kabla ukurasa haujaanza kufika: milisekunde 300. Ukurasa wa seva, ukifika, tayari una maneno. Ule wa fremuweki unaongeza safari ya kufuata JavaScript, kisha safari ya kufuata data, na data ikiwa kwenye anwani nyingine muunganisho huanza upya. Umbali basi unaiadhibu zaidi njia yenye safari nyingi. Ni kweli faili la JavaScript linaweza kuwekwa kwenye seva ya jirani, lakini hata ukurasa wa HTML ulioandaliwa mapema unaweza kuwekwa hapohapo.

Pingamizi la pili nalikubali bila ubishi: mtandao unaokatika katikati ya kazi. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulisambazwa Kenya nzima mwaka 2011, na ikaonekana haraka kwamba anayejaza fomu ndefu za mwezi hawezi kutegemea seva kwa kila hatua. Suluhisho lilikuwa kuhifadhi takwimu ndani ya kivinjari hadi mawasiliano yarudi. Huyo ni mtumishi anayerudi kila mwezi na kukaa kwa saa nzima. Kiingilio kwake kina faida, na anayemjengea kurasa za seva tupu anamwonea.

Kuhusu soko la ajira na vijana wanaofundishwa React kwanza, nitasema machache. Ujuzi wa fremuweki moja huisha haraka: Angular 2 ya mwaka 2016 haikuoana na AngularJS, na msaada wa ile ya zamani ulikoma mwishoni mwa 2021, huku mifumo mingi ikihitaji kuandikwa upya. PHP, lugha ya upande wa seva, nayo imebadilika, lakini Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, bado inahudumiwa na MediaWiki iliyoandikwa kwa PHP. Wapo pia wanaosema lazima tuwe na API kwa ajili ya programu ya simu. Sawa, lakini mantiki ileile ya seva inaweza kutoa JSON kwa programu na HTML kwa kivinjari.

Inafaa kutazama waundaji wa fremuweki wenyewe wanaelekea wapi. Next.js ilianza mwaka 2016 ili React ichore kwenye seva kwanza. Desemba 2020 timu ya React ilitangaza vijenzi vinavyoendeshwa kwenye seva tu, na mwezi huohuo kampuni ya Basecamp ikatoa Hotwire, inayotuma vipande vya HTML badala ya data ghafi. Htmx na Livewire ya Laravel ziko kundi hilohilo. Njia ya kuchora kwenye seva kisha kuutia ukurasa uhai simuni naitilia shaka kidogo: mara nyingi mgeni huona kitufe kilichochorwa lakini hakibonyezeki, kwa sababu JavaScript yote bado iko njiani. Hapo amekatiwa tiketi ya nauli na ya kiingilio pamoja.

Kwa wanaoandika hadidu za rejea za mifumo ya ofisi zao, napendekeza mambo matatu yatajwe bayana kabla ya jina la fremuweki yoyote: mtumiaji wa kawaida atarudi mara ngapi kwa mwezi, kilobaiti ngapi zitapakuliwa kabla hajasoma mstari wa kwanza kwenye simu ya bei ya chini inayouzwa mtaani, na kama fomu kuu itatumwa JavaScript isipofika. Hilo la tatu linajaribiwa kwa dakika moja, kwa kuizima JavaScript kwenye kivinjari mbele ya mzabuni.