Kutuliza Maumivu Si Kukata Tamaa

Maelezo kwa wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ya jamii, kisiwani Mombasa



Familia ya mgonjwa wa saratani iliyosambaa mara nyingi huambiwa: "Hakuna tena la kufanya, mrudisheni nyumbani." Mafunzo ya huduma shufaa yanaanza kwa kuyaacha maneno hayo. Saratani isipopona, maumivu bado yanatulizwa, kichefuchefu kinazuiwa, kidonda kinasafishwa kisitoe harufu, na familia inaelezwa ukweli kwa upole.

Huduma hii si ngeni nchini. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na hapa Mombasa ipo Coast Hospice. Hata hivyo, kituo kimoja hakiwezi kupita kila kichochoro cha Mji wa Kale na kupanda ngazi hadi kwa kila mgonjwa aliyelala ghorofani. Ujuzi huo lazima awe nao muuguzi wa zahanati, pamoja na mhudumu wa jamii anayebisha hodi na kukaribishwa. Jirani zetu wa Uganda waliliona hilo: tangu mwaka 2004, wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kisheria kumwandikia mgonjwa mofini.

Mofini ya maji hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kungoja mgonjwa alie. Huanzwa kwa kipimo kidogo, kisha hupandishwa kulingana na maumivu. Kwa kuwa hufunga choo, dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja nayo.

Kikwazo kikubwa ni hofu. Pwani imeumizwa na unga. Zipo nyumba zilizopoteza vijana. Mama wa nyumba hiyo akisikia neno mofini, ana haki ya kushtuka. Asikemewe. Aelezwe kwamba mraibu hutafuta dawa ingawa inamharibia maisha, ilhali mgonjwa hupewa kipimo kilichopangwa ili aweze kulala, kula na kuzungumza na wanawe. Aelezwe pia kwamba ikitolewa ipasavyo haiharakishi kifo, na kwamba chupa huwekwa mbali na watoto na wageni.

Ramadhani nayo izungumzwe mapema. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, lakini wengi huona uzito kuacha saumu. Muuguzi akae na familia, na sheikh wanayemwamini, kabla mwezi haujaandama, ili mgonjwa asiache dawa kimyakimya.

Kila mgonjwa aulizwe: maumivu yako wapi, na ni kiasi gani kati ya 0 na 10? Jibu liandikwe kwenye faili, na siku ya pili aulizwe tena. Anayemuuguza naye aulizwe kama amelala.