Maneno Tuliyosema Bodo Juu ya Kompyuta
Ndugu wauguzi, kompyuta hatuikatai. Mama akitoka hapa Bodo kwenda Msambweni na kadi yake imelowa mvua, habari zake zikiwa ndani ya mashine zaweza kusomwa. Sheria ya Afya ya Kidijitali nayo ilipita mwaka 2023.

Lakini twaandika mara mbili! Kwanza daftarini, kisha kwenye mashine, na mgonjwa yuangoja. Stima ikikatika twarudia karatasi. Ikirudi twaanza kunakili, na saa hizo hatulipwi. (Na neno lako la siri usimpe hata shoga yako. Dawa ikikosewa, jina litakalosomwa ni lako.)

Shauri letu kwa mwajiri ni hili: daftari liondolewe, ama aajiriwe karani wa kunakili.