Kuni mbichi, hasara jikoni

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama wapishi, Mji wa Kale, Mombasa)

Leo tuzungumze mambo ya meko, maana humo ndimo pesa za mahamri na viazi vya karai zinamopotelea.

Mti uliokatwa sasa hivi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukinunua kuni mbichi kilo 10, kama kilo 5 umenunua maji! Kuni zilizoanikwa vizuri hubakia na maji sehemu 15 hadi 20 hivi katika 100.

Sasa sikilizeni. Hasara kubwa ni kwamba maji huupoza moto. Kuni ikishika joto hutoa gesi, na gesi hiyo ikiwaka ndiyo ule mwali mnaouona. Moto ukipoa, gesi haiwaki, yatoka kuwa moshi. Na vichochoro vyetu vya Kuze na Kibokoni mwavijua: moshi hauna pa kwenda ila kifuani mwa mtoto. Na makaa je? Moto huyatumia makaa yake wenyewe kukaushia kuni inayofuata, basi mwisho wa kupika wakuta majivu na vijinga.

Tuje kwenye unene. Kuni nene huungua nje, ndani bado ni mti. Yaenda polepole, yaacha makaa mengi. Vijiti kama kidole hutoa mwali mkali, chai yachemka upesi, lakini makaa ni kidogo. Kipi bora? Yategemea wapika nini, na makaa wayafanyia nini. Kilo ya makaa ina joto zaidi ya mara moja na nusu ya kilo ya kuni kavu. Ukiyaacha yaungue bure usiku, umetupa kuni zako bora.

Ukimaliza kupika, yachote kwa koleo, uyatie kwenye debe lenye kifuniko cha kubana. Usimwagie maji. Kesho ni ya seredani, na mengine ya chetezo, tupate harufu ya udi! Lakini debe likae nje mpaka lipoe kabisa. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala moshi, nayo huua watu usingizini.

Kule Kwale familia zimejaribu jiko la KIRDI linalowashwa kwa juu: gesi yapikia, makaa yabaki. Nalo pia lataka vipande vidogo na vikavu, kama vile vifuu vya nazi.

Kwa hivyo pasueni kwanza, ndipo muanike, maana gome huzuia maji kutoka. Wekeni juu ya mawe, chini ya makuti, upepo upite. Pimeni fungu moja kwa mizani kila Jumamosi. Uzito ukikoma kupungua, anzeni kupikia.