Jeki ya Lori la Hulugho

Mwenye lori akiingia duka la spea mjini Garissa, anauliza tani, kisha anauliza bei. Anauziwa jeki ya chupa ya tani 32, anaitupa nyuma ya kiti cha dereva, na moyo wake umetulia. Kwenye lami ya kwenda Nairobi huenda asijute. Lakini lori likishapita Masalani na Ijara kuelekea Hulugho, tani si jambo la kumkosesha utingo usingizi.

Hebu tupige hesabu, msikilizaji. Sheria ya mizani ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu ekseli moja yenye tairi nne kubeba tani 10. Ukiinua upande mmoja, jeki inabeba kama nusu yake, tani 5. Ongeza uzito wa wanaopakia bila kuujua mzani, na tunawajua. Ongeza pia mzigo wenye miguu. Mbuzi si saruji: lori likilalia upande wa pancha nao wanalemea huko huko, likiinuka wanarudi, na jeki inatikiswa. Hata hivyo, tani 20 zinatosha kabisa.

Kinachowaangusha watu ni kimo. Jeki ya chupa ya tani 20 ikiwa imefungwa husimama takribani sentimita 24, na ya tani 32 mara nyingi huipita. Tairi la mbele likipasuka, ekseli inashuka, na ile jeki kubwa uliyojivunia haiingii chini yake. Hapo utingo anaanza kufukua mchanga kwa mikono. Nyuma kuna nafuu, maana tairi ni mbili mbili. Moja likiisha upepo, la pili hubaki limeshikilia. Kwa hiyo siku tairi la mbele litakapolala, lori likiwa na mzigo, pima kutoka ardhini hadi chini ya ekseli. Nenda dukani na kipimo hicho. Na usiniambie utainulia chesisi: springi zitalegea kwanza, jeki itafika mwisho wake, na tairi bado liko chini.

Halafu kitako. Chukua jeki yenye kitako cha sentimita 15 kwa 15. Tani 5 juu yake ni kama kilo 22 kwa kila sentimita ya mraba. Mchanga wetu hauhimili hilo. Utingo anapampu, jeki inazama, na lori liko pale pale. Weka ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 40, na uzito unashuka hadi kama kilo 3. Ila ubao mwembamba utapasuka katikati, na mnene unakula nafasi, kwa hiyo unene wake uutoe kwenye kile kipimo cha ekseli kabla hujalipa.

Kuna mafundi wanaojaza jeki mafuta ya breki, yale ya haidroliki yanapokwisha. Sili zinaharibika, na jeki inaanza kushuka yenyewe taratibu, pengine mtu akiwa chini ya lori. Nunua mafuta ya haidroliki, na jeki isafiri ikiwa wima.

Hulugho iko mpakani na Somalia. Tangu Operesheni Linda Boni ya kuwasaka Al-Shabaab ianze Septemba 2015, dereva wa njia hii hahitaji kuelezwa kwa nini hataki jua limzamie huku gurudumu limetolewa. Lakini anayechagua jeki ni tajiri aliyeko mjini, na anayelala chini ya ekseli ni utingo. Mimi ningempa utingo pesa na futi ya kupimia, aende dukani mwenyewe. Na ule ubao hautauzwa pamoja na jeki. Apitie kwa seremala akatiwe vipande viwili, kimoja cha jeki, kingine cha kupandishia tairi lililolala pale jeki inapokataa kuingia.