Hofu ya Binti Mwenye Elimu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukumbusho wa chama, Buyenzi, Bujumbura)



Nimetakiwa niseme machache juu ya elimu ya watoto wa kike. Nilikusudia kusema juu ya karo na madarasa. Walakini kuna jambo lililonipata, nalo laniuma, hata nikaona afadhali nilitaje mbele yenu.

Binti mmoja wa mtaa huu, niliyemfundisha Kurani tangu alifu mpaka akahitimu, leo ni daktari. Siku moja alinijia baada ya sala ya alasiri akaniambia, "Mwalimu, mimi si daktari wa kweli. Nimefika hapa kwa bahati tu, na iko siku watanigundua." Nikamjibu kwamba hiyo ni tawadhui, ashukuru. Nami nikajiona nimejibu vema! Haukupita mwezi, mama yake akaniletea habari kwamba mtoto amekwisha andika barua ya kuacha kazi.

Ndipo nilipomwita tena, nikamsikiliza kama ilivyonipasa mara ya kwanza. Akanieleza kwamba wagonjwa humwona na mtandio wake wakamwuliza daktari atakuja saa ngapi. Katika mikutano ya madaktari yeye peke yake ndiye Mwislamu. Neno likimjia hulimeza, kisha mwenzake hulisema lilelile likasifiwa. Dawa huihesabu mara tatu. Akifaulu, asema ni bahati. Akikosea kidogo, asema ndiyo aliyokuwa akiyangojea. Akaniambia pia kwamba mwaka wa 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya hali hiyo baada ya kuwasikiliza wanawake zaidi ya 150 waliofaulu katika elimu na kazi. Alikuwa akiyajua hayo yote, na bado barua alikuwa nayo mkobani.

Nikamwuliza mgonjwa wake wa mwisho alikuwa na nini. Akasema ni mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani, akanieleza alivyompima damu, alivyomtia dawa mshipani, alivyokesha naye hata akafumbua macho. "Na hiyo bahati," nikamwuliza, "ilikuwa imekaa upande gani wa kitanda?" Akacheka huku akilia.

Ndugu zangu, hofu ile hakuzaliwa nayo, aliikuta nyumbani. Zama za Wabelgiji, kabla ya uhuru wa 1962, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wengi katika wazee wetu walichelea watoto wasije wakabatizwa, wakawazuia. Siwalaumu. Tukawa madereva, mafundi wa cherehani na wachuuzi, na hata jina la Mswahili likatumiwa na wengine kwa maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Binti huyu aliingia chumba cha mtihani amebeba yote hayo pamoja na kalamu yake.

Na sisi je? Harusini twajisifu kuwa tuna daktari, lakini tukiugua twauliza kama hakuna mwingine. Nami nimo.

Tawadhui ni kujua kwamba elimu yatoka kwa Mungu. Kukana kwamba umepewa ni jambo jingine kabisa. Tazameni habari za Nabii Yusuf (a.s.). Alikuwa mgeni Misri, ametoka gerezani, katikati ya watu wasio wa dini yake. Hata hivyo aliomba mwenyewe mbele ya mfalme awekwe juu ya hazina za nchi, akataja uaminifu wake na elimu yake, kwa kuwa njaa ilikuwa yaja na kazi ile yataka mtu anayeijua. Naye Nabii Musa (a.s.), alipohofu kwamba kifua kitambana na ulimi hautafunguka, hakuambiwa akae nyumbani, alipewa ndugu yake Harun afuatane naye.

Barua ile aliichana. Hofu haikwisha, aniambia bado yamrudia.

Mwezi uliopita shinikizo la damu lilinipanda, nikaenda hospitali kwake. Kijana wa mlangoni, kwa kuniona mzee mwenye kanzu, alininong'oneza kwamba daktari wa zamu ni mwanamke, nikipenda nimngojee wa jioni. Nikamwambia nimemfuata huyo huyo. Alinipima, akanipa vidonge, akanikataza chumvi kwa sauti kali ambayo sijapata kuisikia kwake tangu utotoni, nami namtii.