KUNYOSHA UPINDE ULIOPOTOKA

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garissa



Tumetakiwa kunena machache juu ya kazi za mikono za wazee wetu, nasi tumechagua upinde. Waboni wa Ijara na Lamu, ambao wenyewe hujiita Aweer, na Waata wa kando ya mto Galana, walisifika sana kwa silaha hii. Upinde wa Mwaata mwindaji wa ndovu uliweza kuhitaji nguvu ya kupita ratili 100 kuuvuta. Tangu Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, upinde si chombo cha kuwindia tena. Lakini kazi isiyofanywa husahauliwa, na sehemu yake iliyo ngumu ndiyo itanguliayo kusahauliwa: nayo ni kuondoa msokoto.

Upinde una mikono miwili, wa juu na wa chini ya mshiko. Ukiisha kutiwa ugwe, yapasa ugwe upite katikati toka ncha hata ncha. Ukielemea upande, mara nyingi ni kwamba mkono mmoja umepotoka. Kijana aonapo hivyo hutupa mti, akaenda kukata mwingine. Huo ni upotevu mkubwa katika nchi kame kama yetu.

Kwanza itafutwe sababu. Pengine mikato ya kufungia ugwe hailingani; na isawazishwe. Pengine ukingo mmoja una nguvu kuliko wa pili. Ukwanguliwe ule wenye nguvu, kidogo kidogo, wala ulio dhaifu usiguswe, kwani mti ulioondolewa haurudishwi. Pengine nyuzi za mti zilijisokota tangu ulipokuwa ukimea. Hapo kisu hakitoshi, hutakiwa moto.

Mti na uwe mkavu, maana ulio mbichi ukitiwa motoni hupasuka. Pakeni mafuta ya mnyama palipopotoka, kisha pashikeni juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto. Upande wa kupashwa ni tumbo, yaani ule umwelekeao mpigaji. Mgongo usiunguzwe, kwa kuwa ndio uvutikao upinde ukipindwa. Joto likiisha kupenya ndani, usokoteni mkono kinyume, upite unyofu kidogo, maana utarudi. Mkaushikilie hivyo hata upoe kabisa. Usitiwe ugwe siku ile. Msokoto ukisalia, rudieni. Mara tatu kwa upole ni bora kuliko mara moja kwa nguvu.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Hayo ni ya samaki. Mti mkavu nao hunyoka, ila hutaka moto, mafuta na subira.

Ndugu zetu, wazee waijuao kazi hii kwa mikono yao si wengi. Twaiomba Halmashauri iweke siku, vijana wakae nao penye makaa, wakajifunze kwa kushika mti wenyewe. Maneno yetu haya hayatoshi kuwa badala yao.